Umekuja Kusoma Kenya? Anza na Laini Yenye Jina Lako

Kila Septemba, vyuo vikuu vikifungua mwaka mpya, steji za Thika Road hujaa masanduku. Wengine wametoka Kitui na Bungoma. Wengine wametoka mbali zaidi: Bukavu, Juba, Bujumbura, Mogadishu, Kigali, Addis Ababa. Hawa wa mbali wana barua ya chuo mkononi, pasipoti mfukoni, na mara nyingi kuna mtu nyumbani ambaye ameuza kitu ili karo ipatikane.

Usidhani kwamba mgeni huyu hajui pesa za simu. Msomali amezoea kulipia hadi kikombe cha chai kwa simu, tena kwa dola. Mnyarwanda anaijua MoMo. Mwethiopia ameona telebirr ikienea tangu 2021. Mkongomani anaweza kuwa na akaunti mbili kwenye laini moja, ya faranga na ya dola. Kinachomchanganya ni kwamba hapa Kenya kila kitu kinafanana na cha kwao, lakini si kile kile. Na tofauti ndogo ndiyo inayokula pesa.

Makala haya ni ya mwanafunzi huyo. Pia ni yako wewe Mkenya unayeishi naye chumba kimoja, unayempangishia nyumba, ama unayemuuzia sukuma wiki jioni. Jambo kubwa tunalotaka mshike ni hili: hapa kwetu simu ni pochi, ni risiti, na mara nyingine ni ufunguo wa nyumba. Kwa hiyo swali la kwanza la mgeni lisiwe "nitanunua bando gani?" Liwe "hii laini ina jina la nani?"

Laini ya rafiki si yako

Wacha tuseme umefika Nairobi Ijumaa jioni. Hujui maduka. Mwenzako wa chumba ni mtu mzuri, na anakuambia, "Bro, chukua hii laini yangu ya pili, utasajili yako baadaye." Unashukuru. Unaitumia namba kwa mama yako. Wiki ya pili, mama anatuma 60,000 za karo.

Jumatatu unapanda matatu kwenda chuoni, unashuka, unapapasa mfuko, simu haipo. Sasa unataka kurudishiwa laini. Ukienda dukani unaulizwa kitambulisho cha mwenye laini. Mwenye laini ni mwenzako, na yeye amekwenda kwao Kisii kwa mazishi. Simu yake haipatikani. Pesa ziko pale, hakuna aliyeziiba bado, lakini huwezi kuzigusa. Siku ya mwisho ya kusajili masomo ni Ijumaa.

Hakuna mtu mbaya kwenye kisa hiki. Mwenzako alitaka kukusaidia tu. Lakini kwa mtandao, pesa iliyo kwenye laini ni ya mtu aliyesajiliwa, si ya aliyebeba simu. Ukija na barua ya chuo, picha za WhatsApp na machozi, mhudumu hawezi kukupa pesa za jina lingine. Na ni vizuri asiweze, kwa sababu sheria hiyo hiyo ndiyo inayozuia mwizi wa simu yako kufanya vile.

Kwa hiyo, siku ya kwanza ama ya pili, nenda kwenye duka la mtandao au kwa wakala aliyeidhinishwa ukiwa na pasipoti yako halisi. Picha ya pasipoti kwenye simu haitoshi. Omba vitu viwili vifanywe palepale: laini isajiliwe, na akaunti ya pesa ifunguliwe. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Kuna watu hukaa mwezi mzima wakipiga simu vizuri tu, halafu siku ya kutumiwa pesa wanagundua akaunti haijawahi kufunguliwa.

Weka namba yako ya siri wewe mwenyewe. Usimpe wakala simu akuwekee, hata kama foleni ni ndefu. Mwaka wako wa kuzaliwa ni namba mbaya kwa sababu umeandikwa kwenye pasipoti ambayo kila mtu anaitazama.

Na ukitarajia kukaa zaidi ya siku 90, sheria ya uhamiaji inakutaka ujisajili upate kitambulisho cha mgeni. Kikishatoka, uliza mtandao wako kama unafaa kusasisha taarifa zako, ili siku pasipoti inapokuwa ubalozini ikiongezwa muda usikwame.

Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti

Hili linaonekana dogo lakini husumbua sana. Mkongomani ana majina matatu: jina la ukoo, jina la pili, halafu jina la ubatizo mwishoni. Mkenya huanza na jina la ubatizo. Mwethiopia hana jina la ukoo. Jina la pili ni la babake. Msomali na Msudani Kusini wanaweza kuwa na jina lao, la baba na la babu.

Sasa chuo kinaandika majina kwa mpangilio mmoja, wakala kwa mwingine, na mjomba aliye Goma anayetuma pesa anaandika jina la nyumbani ambalo haliko kwenye karatasi yoyote. Pesa kutoka nchi nyingine zinaweza kuzuiwa hadi majina yalingane. Dawa ni rahisi. Piga picha ukurasa wa pasipoti wenye majina, uyaandike kwenye meseji moja kwa mpangilio ule ule, utume kwa kila mtu nyumbani atakayewahi kukutumia chochote. Waambie wanakili, wasibuni.

Namba ndogo, mfuko unaisha

Mtanzania au Mganda akifika Nairobi na kusikia nauli ni "hamsini," moyo unatulia. Kwao noti ya elfu kumi si kitu cha ajabu. Hapa 10,000 inaweza kuwa kodi ya chumba. Shilingi yetu ina jina moja na yao, lakini thamani yake ni kubwa kuliko ya Tanzania na ya Uganda, kwa hiyo bei zinasikika ndogo na pesa zinaisha haraka. Anayetoka Congo ana shida nyingine: amezoea kuhesabu vitu vikubwa kwa dola, na hapa mama mboga hataki kusikia habari ya dola.

Njia nzuri ni kuacha kubadilisha kila bei kichwani. Kwa wiki mbili za kwanza, andika matumizi yako kwa shilingi za Kenya peke yake: nauli ya siku, chakula cha siku, bando, maji. Ukishajua siku yako ya kawaida inakula ngapi, zidisha kwa 30. Hiyo ndiyo namba ya kumwambia mzazi, si ile mliyokisia pamoja mkiwa nyumbani. Akaunti yako inaweza kukutolea taarifa ya miamala yote, kwa hiyo hata usipoandika kitu, simu imekuandikia.

Halafu kuna lugha. Unaweza kuja unajua Kiswahili vizuri, cha Bukavu ama cha Dar es Salaam, na bado makanga akikuambia bei usielewe. Nairobi pesa zina majina yake: ashu ni 10, mbao ni 20, finje ni 50, soo ni 100, na thao au ngiri ni 1,000. "Soo mbili na finje" ni 250. Noti ya 500 wengi bado wanaiita jirongo, kutokana na mwanasiasa Cyrus Jirongo, aliyeongoza kundi la vijana la YK'92 wakati wa uchaguzi wa 1992. Ukiwa huna uhakika, usitikise kichwa tu. Sema, "Ni ngapi kwa namba?" Hakuna atakayekucheka, na hata akicheka, utakuwa umelipa bei ya kweli.

Saa nayo ina mtego wake kwa anayejifunza Kiswahili ukubwani. Msimamizi wa ploti akisema maji yatakuja saa kumi na mbili, usisubiri adhuhuri. Anamaanisha saa sita kabla ya saa sita: yaani jua linapochomoza, ama linapotua. Muulize, "asubuhi ama jioni?" kisha weka ndoo tayari.

Milango mitatu ya kulipa

Kenya ilianza kutumia pesa za simu Machi 2007, na tangu wakati huo tumejenga njia tatu kuu za kulipa. Mgeni akizichanganya, pesa huenda pasipofaa.

Ya kwanza ni kumtumia mtu kwenye namba yake ya simu. Hii ni ya rafiki, fundi, ama makanga. Ukiambiwa "tuma na ya kutoa," maana yake ni uongeze ada ambayo mpokeaji atakatwa akienda kutoa pesa kwa wakala. Ni adabu ukiwa unamtumia mzazi au unalipa deni. Kwa muuzaji, mkubaliane kabla.

Ya pili ni Till. Hii ni namba ya duka. Unaweka namba ya Till na kiasi, basi. Mtanzania aifikirie kama lipa namba.

Ya tatu ni Paybill. Hii ni ya kampuni, shule, hospitali, na wenye nyumba wengi. Ina sehemu mbili: namba ya biashara na namba ya akaunti. Namba ya biashara inapeleka pesa kwenye jengo. Namba ya akaunti ndiyo inayosema ni mlango gani ndani ya jengo hilo. Ukikosea ya pili, pesa zinafika kampuni sahihi, lakini kwa jina la mtu mwingine au bila jina kabisa.

Kwa njia zote tatu, kabla muamala haujakamilika, simu inakuonyesha jina la anayepokea. Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Jina la Till linaweza kutofautiana na lililo kwenye bango la duka, na mara nyingi si wizi, ni jina la mwenye biashara. Uliza tu kwa sauti: "Inaandika jina hili, ndiyo?" Mwenye duka amezoea swali hilo mara hamsini kwa siku.

Karo: pesa kubwa, makosa madogo

Pasi ya mwanafunzi ni ruhusa ya kusoma. Si kibali cha kazi. Maana yake, wanafunzi wengi wa kigeni wanaishi kwa pesa za nyumbani, na ikipotea mara moja hakuna kibarua halali cha kuziba pengo haraka. Ndiyo maana tunasema karo isilipwe mkiwa mnaongea, ama ukiwa umesimama kwenye matatu.

Pata namba ya Paybill kutoka kwenye barua ya kuandikishwa, tovuti rasmi ya chuo, au ofisi ya fedha yenyewe. Usiichukue kwenye grupu la WhatsApp, hata kama aliyeituma ni kiongozi wa darasa. Namba ya akaunti huwa ni namba yako ya usajili chuoni, na ndiyo hukosewa sana: mkwaju unasahaulika, sifuri inakuwa herufi O, mwaka unaandikwa vibaya. Uliza ofisi ya fedha kama mkwaju unaandikwa au unaachwa. Kila chuo kina yake.

Kama kiasi ni kikubwa, kumbuka viwango. Tangu 2023 akaunti ya pesa za simu inaweza kubeba hadi shilingi 500,000, na muamala mmoja ni hadi 250,000. Zaidi ya hapo, gawanya, au mzazi alipe benki moja kwa moja. Mzazi akitaka kutuma kutoka nchi nyingine, mwambie aangalie kitu kimoja tu kabla ya kubonyeza: wewe utapokea shilingi ngapi? Ada inaweza kuonekana ndogo huku kiwango cha kubadilisha pesa kikikula zaidi. Alinganishe njia mbili kwa kiasi kile kile, siku ile ile, achague inayokufikishia nyingi.

Ukishalipa, usifute meseji. Ina namba ya muamala yenye herufi na tarakimu, na ndiyo ushahidi wako. Ipige picha, ujitumie kwa barua pepe, na baada ya siku mbili tatu ingia kwenye akaunti yako ya chuo uone kama salio la karo limeshuka. Usisubiri wiki ya mtihani kugundua kwamba kadi ya mtihani haitoki. Ukienda ofisini mapema na namba ya muamala, ni kazi ya dakika chache. Ukienda siku ya mwisho, ni foleni ya watu mia wenye shida kama yako.

Ada za uhamiaji hulipwa kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen, na Paybill ya serikali ni 222222. Mtu akikutajia namba yake binafsi ya simu kwa "kuharakisha pasi," huyo hafanyi kazi ya serikali.

Keja, stima na baridi ya Julai

Ukikosa hosteli, utatafuta bedsita: Kahawa Wendani, Juja, Roysambu, Rongai, kutegemea chuo. Desturi ni kulipa kodi ya mwezi wa kwanza na amana, ambayo mara nyingi ni kodi ya mwezi mmoja. Sheria yetu ya kidole gumba: usitume hata shilingi ya amana kabla hujasimama ndani ya chumba, hujafungua bomba, na hujaongea na msimamizi wa ploti. Picha nzuri mtandaoni na mtu anayesema "kuna wengine watatu wanaitaka, tuma kitu kidogo niishike" ni mchezo wa zamani. Ukilipa, lipa kwa simu, si kwa noti, ili tarehe na jina vibaki. Andika pia mkataba, hata wa ukurasa mmoja, unaosema amana itarudishwa vipi.

Muulize msimamizi maswali matatu. Maji huja siku gani? Takataka hulipiwa na nani? Na mita ya stima ni ya nani?

Hilo la mwisho lina sababu. Mita ya kulipia kabla ya Kenya Power inanunuliwa tokeni kupitia Paybill 888880, na namba ya akaunti ni namba ya mita. Unapokea tokeni ya tarakimu 20 kwa meseji, unaiingiza kwenye mita, stima inawaka. Lakini ploti nyingi zina mita ndogo za mwenye nyumba, na hizo zina Paybill yake tofauti. Ukinunua tokeni ya Kenya Power kwa mita ndogo, haitaingia. Namba ya mita ibandike ukutani na uihifadhi kwenye simu, kwa sababu tokeni huisha usiku, na gizani huwezi kusoma namba iliyo nyuma ya mlango wa korido.

Anayetoka Juba au Mogadishu anakuja amejiandaa kwa jua. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Julai ni mwezi wa baridi. Wengi hukimbilia hita ya bafuni na jiko la umeme, halafu wanashangaa tokeni ya wiki imekwisha kwa siku mbili. Nunua sweta nzito na mtungi wa gesi wa kilo 6. Sweta haitumii tokeni.

Siku ya kawaida

Nauli ya matatu haiko kwenye karatasi. Asubuhi na jioni hupanda, na mvua ikinyesha hupanda zaidi. Uliza kabla hujapanda. Makanga wengi hupokea pesa kwa simu: anakutajia namba, unatuma, unamwonyesha meseji. Mwonyeshe skrini, usimkabidhi simu ikiwa wazi. Na bado beba noti ndogo kidogo, kwa sababu mtandao una siku zake.

Chakula cha kibandani ndicho rafiki wa mwanafunzi. Chapo madondo, ugali na sukuma wiki, githeri. Mkongomani na Mrundi wataulizia sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, na hawatayaona kibandani karibu na chuo. Uliza watu wa kwenu. Kila jamii ina soko lake jijini, kama vile Eastleigh ilivyo kwa Wasomali. Chagua mama mboga mmoja, nunua kwake kila siku, mjue kwa jina, mwite "mama" na umsalimie kabla ya kuuliza bei. Baada ya mwezi atakuongezea nyanya bila kuombwa, na siku pesa za nyumbani zimechelewa atakuambia, "Chukua, utalipa." Hakuna app inayoweza kukupa mkopo huo. Lipa siku uliyoahidi.

Grupu, chama na mchango

Utaingizwa kwenye grupu. La darasa, la hosteli, la watu wa kwenu. Mtu akifiwa, namba itatumwa na majina yataanza kupangwa na kiasi kando yake. Hii ni harambee, na ndivyo tunavyoishi hapa. Hulazimiki kutoa sana. Toa kidogo kwa anayekuhusu kweli, na usione aibu jina lako likiwa chini ya orodha.

Chama ni kitu kingine. Mnachanga kila mwezi, na kila mmoja anapokea kwa zamu. Kinaweza kukusaidia kununua kompyuta bila kukopa. Kabla hujaingia, uliza: pesa zinakaa kwenye akaunti ya nani? Taarifa ya miamala inaonyeshwa lini? Mtu akimaliza masomo kabla ya zamu kuisha, itakuwaje? Kama maswali hayo yanamkasirisha mweka hazina, umepata jibu.

Matapeli wanampenda mgeni

Mtapeli anatafuta mtu ambaye bado hajui mambo ya kawaida yakoje. Mgeni ndiye huyo. Michezo yao ni michache na inajirudia.

Wa kwanza: unapokea meseji inayofanana na ya pesa zimeingia, kisha simu, mtu analia, "Nimetuma kimakosa, nirudishie, ni za hospitali." Usiangalie meseji. Angalia salio. Kama halijaongezeka, hakuna pesa iliyoingia. Kama kweli limeongezeka, mwambie awasiliane na mtandao wake urudishe kwa utaratibu. Usitume mwenyewe.

Wa pili: mtu anajiita mhudumu wa wateja, anajua hata jina lako, anataka "kuhakiki laini ya mgeni isifungwe." Anaomba namba ya siri, au anakuelekeza bonyeza hiki na kile. Kata simu. Mfanyakazi wetu, au wa mtandao wowote, hana haja ya namba yako ya siri.

Wa tatu unapigwa nyumbani, si hapa. Mama yako anapata meseji: "Mama, simu imeibwa, hii ni namba mpya, nitumie haraka." Yuko mbali, ana hofu, anatuma. Kabla hujasafiri, ama leo usiku, kubalianeni neno moja la familia. Jina la mbuzi wa zamani, kijiji cha bibi, chochote. Anayeomba pesa kwa namba mpya bila neno hilo, si wewe.

Na kama umekosea mwenyewe ukatuma kwa namba isiyo sahihi, usipoteze muda kumpigia na kumsihi mpokeaji. Omba kurudishiwa kupitia mtandao wako mara moja. Dakika ni muhimu, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala, kazi inakuwa ngumu.

Na wewe mwenyeji

Mkenya unayesoma haya, msaada mkubwa unaoweza kumpa mgeni si laini yako. Ni saa moja ya Jumamosi asubuhi umpeleke dukani asajili yake. Laini iliyo kwa kitambulisho chako ikitumika vibaya, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa jina lako. Kama kuna usiyoijua, ripoti.

Ukimpangishia, mpe Paybill na namba ya akaunti kwa maandishi. Ukimuuzia, taja bei kwa namba. Ukimwona anasitasita mbele ya skrini, mpe nafasi asome jina. Sisi tulijifunza haya polepole, kwa miaka mingi. Yeye anatakiwa kuyajua kabla ya Ijumaa.

Fanya haya wiki ya kwanza

1. Sajili laini kwa pasipoti yako, fungua akaunti ya pesa, weka namba ya siri peke yako.
2. Tuma nyumbani majina yako kama yalivyo kwenye pasipoti, pamoja na namba mpya.
3. Kubalianeni neno la siri la familia.
4. Jaribu kwa kiasi kidogo: mwambie mzazi atume pesa chache kwanza, uone zimeingia na kwa kiwango gani, ndipo karo ifuate.
5. Andika mahali pamoja Paybill ya chuo, namba yako ya usajili na namba ya mita. Namba ya siri usiiandike popote.
6. Lipa karo ukiwa umeketi, barua ya chuo ikiwa mbele yako. Soma jina. Soma namba ya akaunti mara mbili. Ndipo ukamilishe malipo.

Una mwenzako aliyewasili juzi? Mtumie makala haya, halafu mwandamane dukani.